Uzima wa Bomba: Historia ya Istilahi Kutoka Mifereji ya Meru Hadi Mabomba ya Mafuta na Gesi

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni watafsiri wa nchi yetu wamekabidhiwa nyaraka nyingi zihusuzo mabomba ya mafuta na gesi asilia. Mikataba, matangazo ya serikali, vitabu vya mafunzo ya mafundi na vibao vya tahadhari vinavyosimikwa kando ya mabomba, vyote hivyo aghalabu huandikwa kwanza kwa lugha ya kigeni, navyo havina budi kumfikia mkulima na mfugaji kwa Kiswahili. Jiji la Arusha, lenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, halina bomba la mafuta. Petroli yake huletwa kwa magari. Lakini ni huko ambako mengi ya mambo haya hujadiliwa: mwezi Februari 2013, kwa mfano, mkutano wa petroli wa nchi za Jumuiya ulifanyika mjini humo. Tena mkataba wa Jumuiya wenyewe umekitaja Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa kwa mawasiliano mapana ya watu wake.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya maneno tunayoyatumia kwa vyombo vya kupitishia maji, mafuta na gesi, na kisha kupendekeza istilahi kwa jambo moja ambalo limewasumbua watafsiri. Jambo hilo ni ile hali ya bomba kuwa halina ufa, halijaliwa na kutu, halivuji, na linaweza kuifanya kazi lililojengewa bila ya kumdhuru mtu. Waingereza wana neno moja kwa hali hiyo, na neno hilo hilo hulitumia pia kwa unyofu wa tabia ya mtu. Hapo ndipo penye mtego. Mwandishi wa makala haya amepata kuona rasimu ya tangazo la ofisi moja, ambamo wananchi waliarifiwa kuwa wataalamu watapita mashambani mwao "kukagua uadilifu wa bomba". Msomaji wa tangazo lile angeweza kudhani kwamba bomba limeshukiwa kula rushwa.

Twaweza kucheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Tangu mwaka 2021, kwa marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania, na kazi ya kuzitafsiri sheria za zamani inatuhusu sote. Kosa likiingia katika sheria halitoki upesi.

Mifereji ya Meru

Kabla ya bomba palikuwa na mfereji. Mlima Meru, ambao kilele chake kimeipita mita 4,500, hupata mvua nyingi katika mitelemko yake ya kusini na mashariki, na kutoka huko hushuka mito ya Themi, Nduruma, Usa na Maji ya Chai. Wameru, ambao lugha yao ni ndugu wa Kichaga, na Waarusha, waliohamia chini ya mlima huo katika karne ya 19, walichimba mifereji ya kuyatoa maji mitoni na kuyapeleka katika migomba na mashamba yao. Wachaga wa Kilimanjaro wana neno lao kwa mfereji wa namna hiyo, nalo ni mfongo. Kaskazini zaidi, katika Wilaya ya Monduli, yapo magofu ya Engaruka, ambako watu wa kale, yapata kati ya karne ya 15 na ya 18, walijenga mifereji iliyozungushiwa mawe na kumwagilia eneo kubwa la bonde. Basi elimu ya kuyaongoza maji mbali na chanzo chake haikuja nchini kwetu pamoja na chuma.

Kwa mtu wa istilahi, jambo la maana zaidi kuliko mfereji wenyewe ni msamiati ulioandamana nao. Mahali maji yanapotolewa mtoni huitwa banio. Siku ya mtu kupata maji ni zamu yake. Kazi ya kuondoa tope na majani ni kuzibua au kufukua. Mfereji una kamati yake, na asiyefika siku ya kazi hutozwa faini. Ukiyatazama maneno haya utaona kwamba hayaelezi umbo la mfereji; yanaeleza wajibu wa watu kwake. Mfereji haukuwa kitu kilichokwisha kujengwa na kuachwa. Ulikuwa kitu cha kutembelewa, kutoka banioni hadi mwisho wake, na kila mwenye shamba alikuwa mkaguzi.

Ukaguzi huo uliwezekana kwa sababu mfereji uko wazi. Ukingo ukibomoka, maji yanamwagika njiani na kila apitaye anaona. Bomba halina fadhila hiyo. Bomba la mafuta au la gesi hufukiwa chini ya ardhi, na juu yake majani huota kana kwamba hapana kitu. Mwananchi hujua kuwa lipo kwa sababu ya kibao tu, na kibao ni maneno. Kwa hiyo kazi ambayo macho ya wanakijiji waliifanya katika mfereji, katika bomba sehemu yake kubwa hufanywa na lugha. Hii ndiyo sababu ya mwandishi kuamini kwamba istilahi ni sehemu ya usalama wenyewe.

Asili ya neno bomba

Neno bomba ni miongoni mwa maneno tuliyoyapokea kutoka kwa Wareno, kama vile meza, leso na bendera. Katika Kireno maana yake ni chombo cha kuvutia au kusukumia maji, na ndiyo maana iliyoingia kwanza katika Kiswahili cha pwani, kwa mabaharia waliohitaji kuyatoa maji ngamani mwa chombo. Maana hiyo haijafa. Mkulima wa kahawa wa Meru bado hubeba mgongoni bomba la kupulizia dawa, na muuguzi hutumia bomba la sindano. Katika vyote viwili kinachotajwa ni chombo chenye kusukuma.

Hata hivyo, chombo cha kusukuma huwa na mwili wa mviringo wenye uwazi ndani, na polepole umbo likaishinda kazi. Tukapata bomba la moshi, ambalo halisukumi chochote. Kisha maji ya mijini yakaletwa majumbani kwa njia za chuma, nazo zikaitwa mabomba, na hatimaye hata mlango wa maji wenyewe ukaitwa bomba. Mpango wa maji vijijini ulioanzishwa na serikali mwaka 1971, uliokusudia kwamba katika muda wa miaka 20 kila mwanakijiji apate maji safi karibu na kwake, uliieneza maana hiyo hadi vijiji vya mbali, na mtoto aliyezaliwa wakati huo hakuwa na haja ya kujua kwamba babu zake waliita bomba kitu kingine. Nafasi ya maana ya kwanza ikajazwa na neno pampu. Huko Kenya historia ilikwenda njia nyingine: watu wengi huita maji ya bomba "maji ya mfereji", yaani neno la zamani liliongezwa maana mpya badala ya kuachia nafasi.

Yafaa mtafsiri aikumbuke tofauti hii. Tangazo linalosema "mafuta yamemwagika katika mfereji" litaeleweka Arusha kuwa yameingia katika mtaro ulio wazi. Upande wa pili wa mpaka wa Namanga mtu anaweza kufahamu kuwa yameingia katika maji ya kunywa. Tahadhari zinazochukuliwa katika hali hizi mbili si sawa.

Mabomba ya mafuta na gesi

Bomba la kwanza kubwa la mafuta katika nchi yetu lilizaliwa na siasa ya ukombozi. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao haramu, na Zambia ikajikuta njia yake ya mafuta ya kusini imo mikononi mwa maadui. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Jina lake limetokana na majina ya nchi mbili, Tanzania na Zambia, na pamoja na neno mafuta. Hata hivyo Mswahili hawezi kulisikia bila ya kukumbuka kitendo cha kutazama. Kwa miaka mingi bomba hilo lilipeleka mafuta yasiyosafishwa katika kiwanda cha Ndola, na tangu mwaka 2023 limegeuzwa kupitisha dizeli.

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, lakini ilipita miaka 30 baada ya ugunduzi wa kwanza ndipo, mwaka 2004, gesi ya Songo Songo ilipoanza kufika Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa zaidi kutoka Mtwara. Sasa linajengwa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Kati ya hizo, kilometa 1,147 zimo Tanzania, katika mikoa minane, ukiwamo Mkoa wa Manyara ambao hadi mwaka 2002 ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba hilo limebuniwa liwe lenye kupashwa moto kwa urefu wake wote. Ni kitu kipya kabisa kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake watachunga juu yake, na kitu kipya hudai maneno yaliyo wazi.

Gharama ya kutoeleweka tunaijua. Tarehe 12 Septemba 2011, katika kitongoji cha Sinai mjini Nairobi, petroli ilivuja kutoka bomba na kuingia katika mitaro ya maji machafu iliyopita katikati ya makazi. Watu walitoka na ndoo kuchota. Moto ulipowaka, watu wapatao 100 walipoteza maisha. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakimbilia kuchota petroli. Likalipuka na kuua zaidi ya watu 90. Hili la pili halikuwa bomba, lakini somo ni moja. Umaskini uliwasukuma watu kwenye ndoo, na tangazo peke yake haliuondoi umaskini. Lakini mtu aliyeelezwa mapema, kwa lugha anayoitumia nyumbani, kwamba mvuke wa petroli hutambaa chini na huweza kuwaka mbali na pale mafuta yalipomwagika, amepewa angalau nafasi ya kuchagua.

Uadilifu, uimara au uzima?

Sasa turudi kwenye neno letu. Mapendekezo yaliyokwisha kutumika katika maandishi mbalimbali ni manne.

La kwanza ni uadilifu. Neno hili limetokana na Kiarabu, na mzizi wake ni haki na usawa. Ni sifa ya hakimu, ya mtumishi wa umma, ya kiongozi. Bomba halina dhamiri, kwa hiyo haliwezi kuwa na uadilifu wala kuukosa. Neno hili liachwe.

La pili ni uimara, na karibu nalo, uthabiti. Haya si makosa, ila ni finyu. Kitu imara ni kile kilichojengwa kwa nguvu. Bomba la chuma kinene ni imara siku linapofukiwa, na litaendelea kuitwa imara na watu huku kutu ikilila kutoka ndani. Wahandisi wanataka neno la kutaja hali ya bomba leo, mwaka ujao, na baada ya miaka 20.

La tatu ni ukamilifu. Hili linakaribia, kwa kuwa neno la Kilatini ambalo Waingereza walilipata lilimaanisha kitu kisichopunguka. Lakini ukamilifu katika Kiswahili hutufikirisha juu ya kazi iliyokwisha au hesabu iliyotimia. Ukisema "ukamilifu wa bomba", mkandarasi atakujibu kwamba zimebaki kilometa 40.

La nne ni uzima, nalo ndilo tunalolipendekeza. Mswahili husema chungu kizima na chungu kibovu, nazi nzima na nazi mbovu, tena husema mtu ni mzima au ni mgonjwa. Uzima ni hali ya kitu kisicho na ufa wala maradhi. Vilevile, uzima ni hali iwezayo kupotea, na kwa hiyo huulizwa kila siku. Hatumwambii jirani kwamba tulimwona mzima mwaka juzi na hivyo hapana haja ya kumjulia hali. Hayo ndiyo hasa wanayoyataka wahandisi wanaposema kwamba bomba lisimamiwe katika maisha yake yote: likaguliwe viungo vyake vilipochomelewa, lijaribiwe kwa maji yenye shinikizo kubwa kabla ya kuanza kazi, lipakwe kinga dhidi ya kutu, likaguliwe ndani na nje, lirekebishwe, na kila jambo liandikwe katika kumbukumbu. Kazi hiyo yote tungeiita usimamizi wa uzima wa bomba.

Pingamizi moja lina uzito. Neno "zima" laweza pia kumaanisha "lote", na "kukagua bomba zima" huenda kukafahamika kuwa ni kulikagua lote kutoka mwanzo hadi mwisho. Dawa yake ni kutumia jina, yaani uzima, na pale inapohitajika sifa, kusema "bomba lililo zima". Tukifanya hivyo kila mahali utata hautakuwapo.

Maneno mengine yanayohitaji uangalifu

Neno usalama linabeba mzigo wa maneno mawili ya kigeni. Tunalitumia kwa kinga dhidi ya ajali, na tunalitumia kwa kinga dhidi ya wezi na wahalifu. Kibao kikisema "Idara ya Usalama wa Bomba", mwanakijiji aliyenusa harufu ya petroli shambani mwake anaweza kuogopa kwenda huko, akidhani ataulizwa kwa nini alikuwa karibu na bomba. Tunashauri usalama libaki kwa kinga dhidi ya ajali, na ulinzi litumike kwa kazi ya walinzi.

Kwa ile nguvu ya mafuta au gesi inayosukuma ukuta wa bomba, vitabu vya fizikia vina kanieneo, neno lililoundwa kwa ustadi kutokana na kani na eneo. Mwalimu na alitumie. Lakini katika kibao cha tahadhari, shinikizo litaeleweka na watu wengi zaidi, na kibao si mahali pa kufundishia istilahi mpya.

Mafundi wa mabomba hupitisha ndani ya bomba chombo kinachosukumwa na mafuta yenyewe, ama kusafisha, ama kupima unene wa chuma na kutafuta nyufa. Kwa Kiingereza chombo hicho kimepewa jina la mnyama ambaye nyama yake ni haramu kwa Waislamu, na tafsiri ya neno kwa neno haitapendeza katika nchi yetu wala haitamsaidia mtu kuelewa. Kinachosafisha kiitwe kisafishio cha bomba. Kile kinachopima tunapendekeza kiitwe kipekuzi, kutokana na kupekua, kwa kuwa kazi yake ni kutafuta kilichofichika.

Ukanda wa ardhi linamopita bomba serikali huuita mkuza, nalo ni neno zuri ambalo limekwisha kuzoeleka. Hapo mtafsiri atakutana na maneno fidia na kifuta jasho, naye asiyachanganye. Fidia ni haki ya kisheria ya aliyepoteza mali yake. Kifuta jasho hutolewa kwa hisani. Watu wa Meru wanaijua tofauti kati ya haki na hisani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza kesi yao. Hakwenda kuomba kifuta jasho.

Hitimisho

Sekta ya nishati ya nchi yetu inabadilika upesi. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Gesi itaingia katika majiko mengi ambayo jana yalikuwa ya kuni, ya mjini Arusha na ya mitelemko ya Meru pia, na pamoja nayo vitaingia vali, mipira na mabomba madogo ambayo uzima wake utategemea macho na pua ya mama wa nyumbani. Maneno tuliyoyajadili hapa hayatabaki katika mikataba.

Kwa hiyo tunawaomba watafsiri waliache neno uadilifu kwa watu na walichukue uzima kwa mabomba; walimu waupime msamiati huu darasani na kutuletea maoni yao; na watumishi wa serikali, kabla ya kusimika kibao, wamwite mtu mmoja anayeishi karibu na hapo, wamsomee, na kumwuliza amefahamu nini. Wazee wa mifereji hawakusubiri ukingo ubomoke ndipo waite watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa ulio katika neno huzibwa mapema kwa gharama ndogo.